Kitambaa Kilichopotelea Njia ya Mahagi

"Da Gracieuse, minataka tusaki vingt, tudogo tudogo. Batantine yangu batatubeba siku ya dot. Bunia nzima banasema weye njo unajua."

Adeline, binti kutoka kijiji cha Aveba aliyehamia mjini mwaka jana, alitaka vifuko ishirini vya siku ya mahari; akafungua mfuko na kumwaga kitambaa juu ya cherehani. Gracieuse akabaki ameshika mkasi hewani.

Buluu iliyokolea, yenye mbegu nyeupe za maboga zilizolala mbili mbili, na kwenye pindo alama ya kijiko. Hakuna mwingine Bunia aliyetia kijiko kwenye pindo. Nta aliyeyusha yeye, akachora mbegu moja moja kwa kijiko cha mama yake wiki tatu nzima, kisha akakichovya rangi mpaka kucha zikawa buluu. Kilikuwa kitambaa cha arusi yake.

"Ulipata wapi hii?"

"Fiancé njo alileta. Anasema iko dessinateur moja wa Kampala njo aliichora. Hakuna mutu mwingine iko nayo."

"Fiancé anaitwa nani?"

"Fulgence. Anafanya biashara ya Aru na Mahagi. Unamujua?"

"Bunia iko kadogo," Gracieuse akasema, akavuta mita yake. "Sema urefu."

Fulgence hakuuliza nani angeshona. Kwake kitambaa ni kitambaa.

Miezi minane nyuma, Fulgence huyo huyo alikuwa mchumba wake. Alibeba kitambaa kwenda Mahagi ili shangazi zake wakione kabla ya kukatwa sare za arusi. Jioni ujumbe ukaingia:

"Cherie, banatushambulia ku njia. Babeba kitambaa yote. Mungu ameniokoa. Uniombee."

Nani angeuliza zaidi? Njia ile ile ilikuwa imemla Jérôme, kaka yake Gracieuse, miaka miwili kabla. Gracieuse alipiga magoti. Mama yake akanunua mshumaa mnene, akaupeleka kanisani kumshukuru Mungu kwa maisha ya mkwe wake. Kisha Fulgence akaanza kupungua kama mwezi. Leo roho haijatulia, kesho tungoje njia itulie, keshokutwa simu haipatikani. Gracieuse akamvumilia kama mgonjwa. Kumbe mgonjwa alikuwa anachumbia kwingine.

Adeline alipoondoka, Gracieuse akapiga simu. Siku hiyo ikapokelewa.

"Fulgence, bale bezi balibeba kitambaa, uliona sura yabo?"

"Gracieuse, usinikumbushe. Mpaka leo nikisikia pikipiki nyuma yangu, minatetemeka."

"Pole sana."

Akakata. Angekuwa amependa mwingine tu, angelia akanyamaza, maana watu huachana. Lakini kuchukua kifo cha Jérôme ukakifanya kisingizio? Alilia kwa hasira, na hasira iliyomzidi ni kwamba alikuwa bado anampenda.

Kisha akanawa uso na kuwasha jiko la makaa. Nta ikayeyuka, kijiko kikashuka. Kwenye bitana nyeupe ya kila kifuko akaandika ujumbe wa Fulgence, herufi kwa herufi, pamoja na jina na tarehe, akaichovya rangi ya buluu, maneno yakabaki meupe. Mara ishirini. Akashona kwa nje mbegu zake nzuri, mikanda miwili, kifungo kimoja. Ungekiona ungekitaka.

Siku ya mahari, uwanja wa baba mdogo wa Adeline, huko Mudzipela, ulijaa viti. Gracieuse aligawa vifuko mwenyewe kwa akina mama. Fulgence alipomwona, soda ilimpalia.

Katika ukoo ule zawadi haipokelewi ikiwa imefungwa. Shangazi mkubwa huifungua mbele ya pande zote mbili na kutamka kilichomo. Kabla hajatamka, hakuna mbuzi wa kuhesabiwa wala sahani ya kufunuliwa.

"Tantine, tuanze na mbuzi," Fulgence akasema haraka.

"Mbuzi zitangoja. Hazina haraka kushinda yako."

Tantine Geneviève, shangazi mkubwa wa Adeline, alikuwa mwalimu mstaafu. Akavaa miwani, akafungua kifungo, akasoma polepole kama anatoa imla:

"'Cherie, banatushambulia ku njia. Babeba kitambaa yote. Mungu ameniokoa. Uniombee.' Chini iko Fulgence, le douze mars."

Akina mama wengine wakafungua vyao. Midomo ikawa inasoma yale yale.

"Muchumba," Geneviève akasema, akigeuza kifuko nje na ndani. "Kitambaa yenye bezi balibeba, njo hii?"

"Tantine, hiyo mambo iko..."

"Minauliza. Njo hii?"

"Njo hii," Gracieuse akajibu nyuma yao. "Mie njo niliichora, ya arusi yetu mie na yeye. Muangalie ku pindo, iko kijiko. Na kijiko yenyewe iko hapa."

Akakitoa, kikapita mkono kwa mkono. Mzee Katsuva, mjomba aliyekuja kumsemea Fulgence, akakilinganisha na pindo, kisha akasimama.

"Fulgence, juu ya ile njia nilifunga siku tatu. Bila chakula, na sukari yangu hii. Kumbe nilikuwa naombea mwizi." Akawageukia wenyeji. "Mutusamehe. Mbuzi zetu zinarudi."

Adeline akamsogelea Gracieuse, wanja umemshuka mashavuni.

"Ulijua tangu siku ile nilikuja kwako."

"Nilijua."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungemuuliza, naye angelia juu ya bezi, na weye ungemuhurumia. Mie nilimuhurumia miezi munane. Unisamehe haya ya leo."

Adeline akaweka kifuko kwenye kiti. Akaondoka hatua tatu, akarudi, akakichukua.

"Hii minabeba. Siku mutu mwingine ataniita cherie, nitaisoma kwanza."

Fulgence alimkuta Gracieuse langoni.

"Nilikupenda, Gracieuse. Niliogopa tu kukuambia."

Gracieuse akampa kifuko cha ishirini na moja. Bitana yake haikuandikwa kitu. Ndani kulikuwa na kipande cha mshumaa.

"Ni nini hii?"

"Ya mama. Kila dimanche ku kanisa anaiwasha kidogo, anashukuru Mungu juu alikurudisha. Jérôme yeye hakurudi. Mie sina kinywa ya kumuambia kweli. Utamuambia weye."

"Siku ingine, minakuomba..."

"Leo," akasema Mzee Katsuva, aliyekuwa amefika nyuma yao na fimbo yake. "Tembea."

Kutoka pale hadi kwa mama yake Gracieuse si mbali. Fulgence alitangulia, kifuko mikononi, watu wakimwangalia kutoka milangoni, na Gracieuse akamfuata nyuma. Mama alikuwa barazani akichambua maharage. Alipomwona mkwe wake, akasimama, akafuta mikono kwa kitenge na kumfungulia mikono yote miwili.