Pasi Moto na Vipimo Vilivyofutika

Pasi Moto alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na mumewe, mwokaji mikate, kwa sababu mke huyo hapoi. Alikula amesimama. Alizungumza na simu huku mguu ukikanyaga cherehani. Hata chai aliipuliza kwa hasira, utadhani imemkosea.

Chumba chake cha mbele kilitazamana na shule ya watoto wadogo. Mwaka uliopita alishona sare za shule hiyo kwa kukadiria tu kwa macho, ili amalize upesi. Mikono ya mashati ikameza vidole vya watoto, wakashindwa hata kushika penseli. Safari hii mwalimu mkuu alimwambia bila kuzunguka, "Zikiharibika tena, natafuta fundi mwingine."

Basi akaamua kupima kila mtoto na kuweka vipimo kwenye kompyuta. Lakini kompyuta yake ya mezani ilikuwa nzito. Ukiiwasha, unamaliza kushona vifungo vya shati zima kabla haijafunguka. Jirani yake, mtunza maktaba, akamletea mfumo mpya ndani ya flashi.

"Mfumo ndio unaoendesha kazi zote za kompyuta," jirani alimweleza. "Huu ni mwepesi. Ila nisubiri nitoke kazini, tuuweke pamoja."

"Sawa, jirani, nitakusubiri."

Alimsubiri mpaka alipokata kona. Kisha akachomeka flashi, akawasha kompyuta. Kwenye skrini yakatokea maneno mawili: JARIBU, na chini yake, WEKA. Fundi wa nguo anajua kwamba mteja hujaribu kwanza. Pasi Moto akabonyeza JARIBU. Skrini ikafunguka mara moja, safi kabisa.

"Kumbe ni kazi ndogo hivi," alimwambia mumewe. "Jirani naye anapenda kukuza mambo."

Siku hiyo watoto wapya walikuwa wanaandikishwa. Mwalimu mkuu akawaleta kwa mstari, thelathini na wanane. Pasi Moto alipima na kutaja, mumewe akaandika.

"Kifua hamsini na sita. Mkono thelathini na mbili. Unaandika au unasinzia?"

"Naandika, mke wangu. Vidole vyangu vimezoea unga."

Walipomaliza, mume akahifadhi faili. Wote wawili waliliona jina lake kwenye skrini. Watoto wakaondoka. Saa moja baadaye umeme ukakatika, kisha ukarudi.

Kompyuta ikawaka na maneno yaleyale mawili. Mume akabonyeza JARIBU. Faili haikuwepo. Wakatafuta juu, wakatafuta chini. Pasi Moto alizunguka chumba, akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Hakuwa na karatasi hata moja yenye vipimo vile.

Jirani alipotoka kazini alimkuta mlangoni, roho juu.

"Mfumo wako umekula vipimo vyangu."

"Ulibonyeza nini?"

"Jaribu."

Jirani akavuta kiti, akakaa. "Hapo hukuweka kitu, dada. Mfumo ulikuwa unafanya kazi kutoka kwenye flashi. Mliyoandika yalikaa kwa muda tu. Kompyuta ikizimika, yanafutika."

"Lakini tulihifadhi."

"Nguo uliyoibana kwa pini, mteja ameivaa, amejitazama kwenye kioo. Je, imeshonwa?"

"Haijashonwa," Pasi Moto alikiri.

"Basi ndivyo ilivyo. Bahati yako, michoro yako ya zamani ya nguo, iliyokuwa ndani ya kompyuta, bado ipo. Kujaribu hakukuigusa."

Michoro hiyo haikumpoza. Alijua analotakiwa kufanya, na aliona aibu. Alivuka barabara kwa hatua ndefu. Mwalimu mkuu alikuwa anafunga ofisi.

"Mwalimu, nimepoteza vipimo."

"Vya nani?"

"Vya wote. Kosa ni langu, nilikuwa na haraka."

Mwalimu akageuza ufunguo mlangoni. "Kesho ndiyo siku yao ya mwisho hapa kabla ya kufungua shule. Nitawaleta saa mbili. Sitawaleta mara ya tatu."

Jioni ile kazi ilianza upya. Kwanza jirani alinakili michoro ya zamani kwenye flashi nyingine. "Kuweka mfumo mpya kunaweza kufuta kila kitu," alisema. "Toa mali yako nje kwanza." Kisha akamwachia Pasi Moto abonyeze WEKA. Mfumo ulipokwisha kuingia, waliichomoa flashi ya mfumo na kuiwasha kompyuta upya. Yale maneno mawili hayakuonekana tena.

"Sasa chagua nenosiri, neno la kufungulia," alisema jirani. "Lisiwe jina lako wala la mumeo."

"Na sasa tumemaliza?"

"Bado. Tunaunganisha mtandao, tunaleta masasisho. Hayo ni marekebisho ya kuziba matundu ya mfumo. Yakianza, usizime."

Masasisho yalikwenda polepole. Asilimia nne. Asilimia tano. Pasi Moto alisimama, akakaa, akasimama. Mkono wake ukaanza kuelekea kwenye kitufe cha kuzimia.

"Mke wangu," mumewe aliita, "ukifungua tanuri mapema, mkate unabonyea."

Jirani akamrushia sketi kuukuu. "Fumua huo upindo. Hiyo mikono ipe kazi."

Alifumua upindo wote. Alipoinua kichwa, kazi ilikuwa imekwisha. Wakaunganisha printa, wakachapa ukurasa mmoja. Mwisho, jirani akamwambia aandike jina lake, ahifadhi, azime kompyuta na kuiwasha tena. Alifanya hivyo. Jina lake lilikuwepo.

"Kesho hifadhi baada ya kila mtoto," jirani alisema. "Ukimaliza, nakili kwenye flashi ya pili."

Asubuhi, mstari ulirudi. Pasi Moto alitaja, mumewe aliandika, na kila mara mke aliuliza, "Umehifadhi?" Walipofika kwa mtoto wa thelathini na moja, umeme ukakatika. Mwalimu mkuu akamgeukia Pasi Moto. Pasi Moto hakuigusa kompyuta. Mtoto alibaki amenyoosha mkono.

Umeme ukarudi. Mume aliandika nenosiri, akafungua faili. Yalikuwepo majina thelathini.

"Ni wewe tu, mwanangu," Pasi Moto alimwambia mtoto. "Huyu baba alikuwa bado hajakuhifadhi."

Walipomaliza wote, alinakili faili, akachapa karatasi na kuitundika juu ya cherehani. Alishona wiki mbili, kila shati kwa kipimo chake.

Siku ya kufungua shule hakuweza kukaa. Alisimama dirishani tangu alfajiri, chai ikapoa bila kupulizwa. Watoto wakaanza kuvuka barabara. Mtoto wa thelathini na moja alimwona, akampungia. Vidole vyake vyote vitano vilionekana.