Chuo cha Kwanza Nchini

Ndugu zangu, ilikuwa asubuhi tulivu. Muuza matairi na mkewe walikuwa wanakunywa chai sebuleni, binti yao wa pekee akawaambia kwamba amepata nafasi katika chuo kidogo kilicho nyuma ya hospitali. Angejifunza kutengeneza miguu ya bandia. Likizo nzima alishinda kwenye karakana ya hapo akichanganya plasta, na roho yake ilikuwa hukohuko.

Baba akachukua simu, akatafuta orodha ya vyuo bora, akaishusha mpaka chini. Chuo hicho hakikuwemo. Akacheka hadi chai ikampalia.

"Nikiulizwa mwanangu anasoma wapi, nijibu nini?"

Mnamsikia? Watu wa aina hii huchagua chuo kama wanavyochagua saa ya mkononi. Mama alipojaribu kumtetea binti, aliambiwa hajui mambo.

Basi binti akapelekwa chuo cha kwanza nchini, ambako miguu ya bandia haifundishwi kabisa. Akapangiwa kusoma hesabu za bima. Baba akachapisha fulana yenye jina la chuo. Akaivaa dukani, akaivaa harusini, na msibani pia akaivaa, asije marehemu akazikwa bila kupata habari.

Mwaka wa pili, mwenzake wa bwenini akapiga simu: binti haendi darasani, wala hali chakula. Wazazi wakamkuta kitandani mchana, pazia limefungwa, mashavu yamebonyea. Mama akaanza kukusanya nguo za binti. Baba akasimama mlangoni, akihofia nani anamwona.

"Unajua hiki ni chuo cha ngapi nchini?"

"Najua, baba. Wewe unajua ninasoma nini?"

Akafungua kinywa. Uchumi? Sheria? Muda wote ule wa kujisifu hakuwahi kuuliza. Akamgeukia mkewe amsaidie. Mkewe akampa begi abebe.

Sasa binti yuko kwenye kile chuo kidogo, anaanza upya wakati wenzake wanakaribia kuhitimu. Anakula, na siku nyingine anacheka. Baba akiulizwa na wateja, husema binti yuko likizo. Mtu kama huyo utamfanya nini?

FUNZO

Mzazi, kabla hujauliza chuo ni cha ngapi, uliza kinafundisha nini, na mwanao anataka kufanya kazi gani. Orodha ya vyuo haimjui mwanao. Wewe ndiye uliyepaswa kumjua. Nawe kijana, sifa za chuo hazitakuamsha asubuhi ukasome usichokitaka. Kama huwezi kueleza chuo kitakufikisha wapi, bado hujachagua.