Hatua Juu ya Paa

Haya yalimpata rafiki yangu Griselda, hapa hapa Mexicali, na mpaka leo hapendi kuulizwa.

Kiyoyozi chao, kilichofungwa juu ya paa, kilikufa mchana wa Agosti, mwezi ambao joto la jangwa letu huua watu. Baba yake, mzee Eleuterio, alikuwa kitandani, miguu imepooza. Griselda aliziba madirisha kwa mablanketi, nyumba ikawa giza, akawa anamfunika mzee kwa taulo zilizoloa, nazo zinakauka papo hapo. Akampigia simu fundi Nacho.

"Nakuja, dada!"

Baadaye akasikia hatua juu ya paa, kisha chuma kikigongwa. Akashusha pumzi. "Nacho, ukimaliza shuka unywe maji!"

Simu ikalia. "Dada Griselda, nisamehe. Gari limenizimikia, bado niko mbali."

Alitoka mbio. Nje hapakuwa na ngazi wala mtu, ila jua na bati tupu. Aliporudi gizani, hatua zilikuwa zikitembea taratibu kule paani, zikaja kusimama juu ya kitanda cha mzee.

Griselda alimkumbatia baba yake kwa nguvu zote. Mzee hakufumbua macho.

"Mwambie anisubiri, mwanangu," alisema. "Navaa viatu."