Mkulima wa Nyangwe Aja Kuposa

Sauti ilipenya pazia ikamkuta Waridi na sinia ya maandazi mikononi, nusura aiangushe. Sauti ile angeitambua hata usingizini. Sebuleni walikuwa wameketi wazee waliokuja Kasongo kumposea mpenzi wake Iliasi, naye Iliasi yuko kati yao, na aliyekuwa anasalimia ni Mzee Atumani, baba yake Iliasi, ambaye Waridi alikuwa hajawahi kumwona kwa macho.

Kumsikia, alikuwa amemsikia mpaka akachoka. Waridi alitangaza kipindi cha mashamba kwenye redio ya mji. Kila alipoeleza kwamba mvua zimevurugika kwa sababu dunia inazidi kupata joto, mtu aliyejiita Mkulima wa Nyangwe alipiga simu na kusema mvua ni ya Mungu, hiyo klima, yaani hali ya hewa kubadilika, ni maneno ya watu wanaolishwa na mashirika. Wangebishana kwa hoja ingekuwa heri. Wapi! Waridi alimwita adui wa watoto wake mwenyewe, mtu wa kufungwa. Mzee naye akamrudishia, mji mzima unasikia:

— Mwanamuke wa mudomo kama huu, nani atamuoa?

Waridi aliweka sinia chini, akaandika kwenye simu: "Iliasi, baba yako ndiye Mkulima wa Nyangwe?"

Jibu likaja: "Ndiye. Niliogopa kukuambia. Nisamehe, mpenzi."

Hapo hapo akaitwa. Kwao, binti huulizwa mbele ya wote kama anawajua wageni. Akikana, posa imekufa, wageni wanarudi na mbuzi wao. Na Waridi alimpenda Iliasi, jamani, alimpenda hasa. Akapiga magoti.

— Hawa wageni unawajua? aliuliza baba yake.

— Ninawajua, baba. Na mzee huyu nilimutukana redioni.

Wanawake waliokuwa mlangoni wakashika vinywa. Iliasi akainamisha kichwa. Waridi akamgeukia mzee.

— Mambo ya mvua sitayaacha, kwani ninayaona. Lakini nilikuita adui wa watoto wako, na mutoto uliyemulea ndiye ananipenda vizuri hivi. Nilikosa. Unisamehe, baba.

Mzee Atumani alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

— Mupunga wangu ulikauka mwaka huu, ni kweli, alisema. Lakini mambo yako ya klima sikubali. Tutabishana mpaka nizikwe. Mimi niliuliza redioni nani atakuoa, na Mungu ameniletea jibu. Ni mimi mwenyewe nimekokota mbuzi toka Nyangwe.

Nyumba nzima ikacheka. Waridi alilia, akamshukuru Mungu na mzee kwa pamoja, akamsamehe hata Iliasi, mwoga yule.

Ndoa ikafungwa. Kipindi kilichofuata, simu ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya Nyangwe.

— Mukamwana, asante kwa kutunza mutoto wangu, mzee alisema. Sasa, hiyo ya joto la dunia, umekosea tena.

— Karibu, baba, alijibu Waridi. Tueleze, tunakusikiliza.