Mpaka Betri Iishe

"Hii nayo ina shida gani?" Phanice aliuliza, macho yakimfuata mshambuliaji wake wa gemu ya mpira kwenye skrini ya laptop.

"Sikiza feni," Makau akasema. "Inalia. Ukifungua ile michoro yako itachemka."

"Mimi sisikii kitu."

"Ni kelele za watu. Ngoja wapungue."

Wakangoja. Hapo mtaa wa Laini Saba, kando ya reli, watu huwa hawapungui, na Makau alilijua hilo vizuri kwa sababu kibanda chake cha laptop za mitumba kilikuwa hapo hapo. Lakini kijana alikuwa amependa, na alikuwa tayari kungoja chochote mradi wangoje wawili.

Kibanda kilikuwa na sheria moja. Mteja haondoki na mashine kwa kuiona tu na kuilipia haraka. Anakalishwa kwenye benchi, anapewa laptop iliyojaa chaji, chaja inawekwa kando, na anaitumia apendavyo mpaka betri iishe. Ikizima ndipo anaamua kama anaichukua au anaiacha. Wateja wengi walilalamika. Phanice, binti wa Kawangware aliyeanza diploma ya ujenzi muhula huo, aliipenda sheria hiyo kuliko hata laptop zenyewe. Alikuwa akija baada ya masomo, anachora ramani ya nyumba kidogo, kisha wanacheza gemu ya mpira yeye na Makau, mabega yakigusana. Treni ilipopita, meza ilitetemeka na wachezaji wakaonekana kama wanaogelea. Jua lililopenya kwenye matundu ya mabati lilihama taratibu kutoka kwenye kibodi hadi mikononi mwao.

"Hii nyumba unachoranga ni ya nani?" Makau aliuliza siku moja.

"Ni assignment tu."

"Mtu akikaa hapa kwa dirisha anaona nini?"

Phanice akafikiri. "Miti. Na hakuna mtu anamharakisha."

"Naweza kuja kuona?"

"Wewe nitafutie laptop kwanza."

Hapo Makau alikuwa na majibu tele. Hii ilikuwa na RAM ndogo, mchoro na gemu zikifunguka pamoja ingekwama. Ile bawaba zimelegea, kifuniko kingeng'oka kabla ya mitihani.

"Na nikinunua mpya?"

"Kwa bajeti yako, mpya ni sura tu, ndani hakuna kitu. Afadhali mtumba ya ofisi, RAM nane, SSD ya kasi. Itafanya kazi ya shule na mpira hautakwama. Nitakupatia. Nipe muda."

Muda alipewa. Phanice akawa anafanyia kazi zake kwenye kompyuta za kukodi za cyber ya mtaani kwao, mpaka mchana mmoja simu ya Makau ikalia na ujumbe:

"Stima imepotea cyber. Mchoro wote umeenda. Mwalimu amesema ni Jumatatu ama nirudie somo lote."

Makau aliusoma akaketi chini. Hapo angesema ukweli. Badala yake akaandika: "Pole sana dear. Kuja kesho tuone."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Phanice alifika akamkuta kibandani dada yake Makau tu, Mukai, muuza mboga wa mtaa wa Silanga, aliyemletea ndugu yake muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwenye bakuli.

"Ametoka kununua waya, anarudi," Mukai alisema. "Wewe ni nani?"

"Phanice."

Uso wa Mukai ukachangamka. "Kumbe ni wewe. Hatimaye umekuja kuchukua mashine yako."

"Mashine gani?"

"Si hii amefunga na leso yangu? Nilimletea mteja, akakataa kabisa kuiuza. Akasema hii ina mwenyewe." Akainama chini ya meza, akaitoa.

Phanice akafungua leso. Laptop ilikuwa safi, kibodi haikuwa imepauka. Alipoiwasha, jina lake lilikuwa hapo kwenye skrini. Programu ya kuchorea ilikuwa ndani. Gemu ya mpira ilikuwa ndani pia, na timu iliyoitwa Kawangware, nahodha jezi kumi: Phanice. Moyo wake ukayeyuka, kisha ukakumbuka cyber, ukaganda.

Makau akaingia na waya mkononi. Akaona leso mezani, akasimama.

"Hii umekuwa nayo tangu lini?" Phanice aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu ile wiki yako ya kwanza."

"Na hizo zingine zote tumekuwa tukipima?"

"Zilikuwa mbaya kweli. Juu ya hizo sikudanganya."

"Ukanidanganya juu ya hii. Jana nimekulilia kwa message na ilikuwa hapa chini ya meza."

"Phanice, nilikuwa naogopa..."

"Mimi naogopa kurudia somo."

Akaondoka akifuata reli bila laptop, na hakugeuka. Mukai alimtazama ndugu yake kwa huruma iliyochanganyika na hasira.

"Wewe ni mjinga," akasema. "Kula muthokoi."

Makau alipiga simu, haikushikwa. Akapiga tena. Mwisho akaandika: "Chukua mashine, sitaki pesa."

Jibu lilikuja jua likiwa limeanza kulegea. "Sitaki zawadi ya kunyamazishwa. Nataka laptop kwa bei ya kibanda. Leta kesho baada ya kanisa. Mum atakuwepo."

Jumapili Makau alipanda Ngong Road kwa miguu mpaka Dagoretti Corner, laptop kifuani chini ya jaketi, akaishika Naivasha Road akiongea peke yake. Mkononi alibeba sukari na majani ya chai, kwa amri ya Mukai, aliyemwambia kwa watu hakuendwi mikono mitupu.

Mama Phanice alipokea mfuko, akachungulia ndani, kisha akamwangalia kijana kutoka kichwani hadi kwenye viatu vyenye vumbi.

"Siku hizi fundi wa laptop anakujanga na sukari?"

"Ni... ni ya chai, Mama."

"Najua sukari ni ya nini. Keti."

Phanice alimpa Makau pesa ya laptop kwanza. Kisha akaiweka laptop kwenye meza ndogo, chaja iliyokuja nayo akaitia kwenye mkoba wake.

"Sheria ya kibanda ni gani?"

"Mpaka betri iishe, ndio mteja anaamua."

"Sawa. Nachora, wewe unaongea. Ukweli wote. Ikizima, naamua juu ya mashine na juu yako."

Makau akaongea. Kwamba kila asubuhi alifagia benchi kabla ya kufagia kibanda. Kwamba alijaribu kuitoa ile mashine mara nyingi akairudisha.

"Nilijua ukiichukua hutarudi. Mtu akipata laptop nzuri, anarudi kwa fundi kufanya nini? Lakini ile message ya cyber ilipofika, ningekupigia hapo hapo. Nilifikiria mimi tu. Nisamehe."

Phanice aliendelea kuchora. Kuta zilikuwa zikipanda kwenye skrini, madirisha yakafunguka, miti ikaota upande wa jua la jioni. Alipomaliza, akahifadhi mchoro, akautuma kwa mwalimu, akashusha pumzi ndefu. Kisha akafungua mpira, akamsukumia Makau pedi moja ya kuchezea.

Wakacheza. Kutoka jikoni sauti ya mama ikauliza:

"Huyo kijana anaongezwa chai ama anaenda?"

"Ngoja kidogo, Mum."

Alama ya betri ikageuka nyekundu. Makau aliiona, akaacha mpira umpite, akafungwa bao la kizembe.

"Kutoka Dagoretti Corner mpaka hapa kwetu," Phanice akasema, macho yakiwa bado kwenye skrini, "kuna mafundi wa laptop wangapi umewapita?"

Makau akakumbuka vibanda vya barabarani. "Wengi."

"Wote nawajua. Mmoja ni jirani yetu. Unafikiri nilikuwa naenda mpaka Laini Saba kutafuta RAM?"

Makau alimwangalia. Macho yakamlowa na hakuyaficha.

Skrini ikaanza kufifia. Onyo likatokea katikati ya uwanja, likawaficha wachezaji.

"Inazima," Makau akanong'ona. "Umeamua?"

Phanice akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa chaja, akaichomeka ukutani.

"Lakini sheria..."

"Hiyo ni ya Laini Saba." Akageukia jikoni. "Mum, muongezee chai."

Kisha akarudi kukaa bega kwa bega na Makau. "Haya. Anza half ya pili."