Tiara ya Uzi wa Waridi

"Uzi huo wa waridi nimeushika mimi kwanza, kaka!"

"Niite hata mwizi, bibie, lakini kaka usiniite."

Soko la Raipur, Ahmedabad, lilifurika wanunuzi wa tiara za kurusha sikukuu. Ketki, kanzu yake fupi ya kurta, ya manjano, iking'aa, alivutia kwake. Parthiv, shati limejaa vumbi la saruji, alivutia kwake. Mwishowe wakaununua pamoja.

Mwaka mmoja baadaye walikuwa wapenzi wenye jengo moja la chuo mikononi. Ketki alilichora: kuta nene, madirisha yanayolikwepa jua la magharibi. Parthiv alilitia umeme, paa zima paneli za sola. Mkuu wa chuo aliwapa sharti moja: jengo lijiendeshe kutwa kwa umeme wa paa lake, la sivyo michoro ya Ketki haitajengwa tena hapo.

Sikukuu ilipofika wakarusha tiara kwa uzi ule wa waridi, kwenye paa la kina Ketki, mtaa wa pili kutoka chuoni. Jirani akaikata kwa uzi wa tiara yake, ikapeperuka na kupotea.

Siku ya jaribio, saa nne asubuhi, feni zikasimama mbele ya mkuu.

"Nyaya zako hizo!" Ketki alifoka.

"Ukuta wa paa lako unatia kivuli, dada Ketki."

Dada! Mpenzi wake, mbele za watu! Ketki akaondoka bila kumtazama.

Mkuu akawapa siku moja zaidi. Jua lilipochomoza Ketki akapanda paa la chuo na futi yake, akapime kivuli amwaibishe Parthiv. Hakukipima. Akapiga simu.

"Dada Ketki, kama ni matusi..."

"Njoo juu. Kuna tiara imelalia paneli zako."

"Moja tu? Inatosha. Paneli zimeungwa kama shanga, ukifunika moja safu nzima inalegea. Tulihesabu vumbi, tukahesabu njiwa, tiara tukazisahau! Ahmedabad hii! Ya nani?"

"Ina uzi wa waridi."

Simuni kikasikika kicheko hadi kikohozi. Kisha Parthiv akatokea ngazini.

"Yaani tumejizimia umeme wenyewe, mpenzi?"

"Wenyewe. Na ukiniita dada tena nakusukuma kutoka hapa."

Tiara ilipoondolewa, feni zilizunguka mpaka jua likazama. Mkuu akatia saini, kisha akauliza kosa lilikuwa la nani.

"La mke na mume," Ketki alijibu.

Parthiv aligeuka. "Mume gani?"

"Anayeulizwa sasa hivi. Utanioa, hutanioa?"

"Nitakuoa, Ketki. Shikilia uzi, nisije nikapeperuka."