Spika ya Kushoto

Santuri ilikwisha, sindano ikainuka, na spika ya kushoto ikavuta pumzi.

Umang aliisikia wazi. Ilikuwa saa nane mchana, duka lake la vifaa vya ujenzi limefungwa kwa mapumziko, Malindi yote imelala. Ilikuwa pumzi ndefu, kama ya mtu aliyeibuka kutoka majini. Akajiambia ni waya.

Kwa miezi mitano alikuwa akiijenga sebule yake iwe ukumbi wa burudani: runinga kubwa ukutani, kinanda cha santuri, amplifaya ya zamani yenye taa ziwakazo kama makaa, na spika mbili za mvule, zimfikazo kiunoni, alizozinunua katika nyumba ya kale kule Takaungu.

"Umeoa mbao," mkewe Krupali alimtania akimpakulia dengu. "Leo ulale nazo."

"Zikijua kupika, nitalala nazo."

Muuzaji alikuwa amemwambia neno moja tu: "Zipige, lakini usizifungue." Lakini mpenda muziki gani hafungui spika kuukuu? Pamba ya ndani ikichakaa, besi hulia kama debe. Umang alizifungua zote. Ya kulia alikuta pamba. Ya kushoto alikuta kitambaa chekundu chenye mafundo saba, kinanuka ubani. Akadhani ni ujanja wa fundi wa zamani. Akakichoma pamoja na takataka, akaweka sponji mpya.

Siku ya pili baada ya pumzi ile, Krupali aliamka sauti imekwaruza. Siku ya tatu ikawa mnong'ono. Naye ndiye aliyeimba kila alfajiri mbele ya miungu ya nyumbani, wimbo aliofunzwa na mama mkwe wake, marehemu Sharda. Kwa miaka kumi na mmoja Umang aliamka kwa sauti ile. Daktari alimulika koo, akasema ni zima.

Siku ya nne, waya zote zikiwa zimechomolewa, spika iliimba. Iliimba wimbo ule, kwa sauti ile ile ya Krupali, na Krupali mwenyewe amesimama mlangoni, mkono kooni, midomo inacheza bila kutoa kitu, na harufu ya manyoya mabichi ikatambaa sakafuni, ikapanda miguuni, ikajaa puani, hata wimbo ulipokwisha na kile kitu ndani ya mbao kikaanza kucheka, polepole, kama mtu aliyeshiba.

"Itupe," Krupali alinong'ona. "Itupe, Umang, kabla haijanimaliza."

"Nikiitupa, na sauti yako iliyomo?"

Akaitwa mganga Mangi kutoka Magarini. Mzee alinusa, akasimama kizingitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe Muhindi, ulikuwa na kufuli ukalichoma! Jini huyu anakula. Akimaliza sauti, atalitaka koo lenyewe."

Akafunga kitambaa kipya, fundo baada ya fundo, akamkabidhi Umang. "Uliyefungua ndiwe utakayefunga. Ukikaza skrubu zote nane, sauti ya mkeo itarudi. Lakini atakuita. Usiitike sauti ya mtu usiyemwona. Ukiitika, umemfungulia mlango."

"Nimezaliwa pwani, mzee. Hilo nalijua."

Umang akakipachika kitambaa, akarudisha ubao, akaanza. Skrubu ya kwanza, sauti ya Krupali ikamlilia kutoka ndani ya spika: "Umang, naumia!" Akauma meno. Ya tatu, ikamtukana: "Bahili wewe! Mkeo anakufa, nawe unacheza na bisibisi!" Akakaza. Ya tano, spika ikapiga mateke. Ya sita na ya saba akazikaza, jasho likimdondoka mkononi, na nyuma yake Krupali amesimama akisali kwa midomo mitupu.

Ya nane ilikuwa imebaki mzunguko mmoja.

"Dikra," ikaita sauti ya uzee, laini, yenye kikohozi kidogo. Mwanangu. Neno la Kigujarati aliloitwa na mama yake peke yake. Na katika nyumba ya Sharda, mtoto hakumwacha mama aite mara mbili.

"Naam, Ba," ulimi wake ukamwitikia mama, kabla yeye hajajua.

Bisibisi ikaanguka. Harufu ikakatika ghafla, kama iliyomezwa. Mangi akavuka kizingiti kwa mara ya kwanza, akagonga mbao kwa kidole, akatega sikio.

"Sanduku ni tupu," akasema.

"Ameondoka?"

Mzee alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, macho yameganda juu ya bega la Umang.

Umang akageuka. Krupali alikuwa akimtabasamia. Akafungua kinywa, na sauti ikatoka nzima, laini, yenye kikohozi kidogo.

"Dikra, mwambie mzee huyu aende zake. Nina njaa."